Kivuli Kilichokoma Mpakani

Uvumi wenyewe niliusikia nikichagua mahindi. Dorla Kessel alikuwa ameegesha pikapu yake nyuma ya kanisa la Kilutheri, kama afanyavyo kila mwezi wa saba, na sisi wanawake tumeinama juu ya mahindi tukiyabandua maganda nchani kutazama kama yana funza. Akasema, bila hata kuinua kichwa, kwamba Buck Tillery wa redioni ametangaza kuwa kivuli cha mti wa jirani kikivuka mpaka ni uvamizi, na mtu ana haki ya kukirudisha.

"Kukirudisha vipi?" akauliza mmoja wetu.

"Hakueleza," alisema Dorla. "Alisema tu haki ipo."

Nilinunua mahindi yangu nikaenda nyumbani. Nikayachemsha, nikayapaka siagi, watoto wakala, na maneno yale bado yananizunguka kichwani kama nzi aliyefungiwa ndani ya gari. Sikuyaamini. Sikuyakataa pia. Ubaya uko hapo hapo, na ndiyo sababu naandika, ingawa shule yangu iliishia chini na hapa mjini Harrow wapo wengi wa kuandika vizuri kuliko mimi. Wenye watoto wasome.

Ukweli ni kwamba Buck Tillery hakuwa amesema neno lolote juu ya vivuli. Tillery ni mchambuzi wa redio, mhafidhina, sauti yake huanza saa tatu asubuhi na kunyamaza saa sita, na hapa jimboni kwetu Iowa nyumba nyingi humwacha aongee jikoni hata kama jikoni hamna mtu. Kila wiki ana hatari mpya. Wiki moja ilikuwa maktaba, wiki nyingine maziwa ya lozi. Aliyeandika mambo ya vivuli ni Maren Hruska, binti wa Delbert na Arlys wa Mtaa wa Tatu, mwenye safu ya tashtiti katika gazeti letu la wiki. Maren alikuwa amechoka na hatari hizo, akaamua kumtungia Tillery hatari ya kijinga kuliko zote, ili watu wasome, wacheke, na wakishacheka wazime redio.

Aliandika hivi:

"Buck Tillery jana aliwaonya wasikilizaji wake juu ya hatari iliyolala kwenye nyasi zao. 'Kivuli cha mti wa jirani asiyepiga kura kama wewe hakiji kwako kupumzika,' alisema. 'Kinakuja kupima. Leo kivuli, kesho majani, keshokutwa wajukuu zako wanakula upande wa pili.' Tillery aliwataka wazalendo wote wasimame mpakani na kukiamuru kivuli kirudi kwao, kwa adabu mara ya kwanza."

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba hii ni safu ya tashtiti. Maren alidhani hilo litatosha. Tena alidhani mtu akifika kwenye "kwa adabu mara ya kwanza" lazima acheke.

Hakuna aliyecheka. Makala ilitoka Alhamisi asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana ukurasa wa gazeti kwenye simu ulikuwa umejaa maoni kuliko siku ile mto ulipofurika.

"Hatimaye amepatikana mtu wa kusema. Kivuli cha shemeji yangu kimeniharibia nyanya tangu nijenge."

"Nimesoma nimelia. Na huyu mtu bado ana kipindi?"

"Maren, sikujua kumbe uko upande wetu. Karibu sana, binti. Mama yako anajua?"

"Aibu kwako Maren kwa kumpa huyu bwana nafasi gazetini."

"Samahani jamani, hii inahusu na kivuli cha mnara wa kanisa? Naulizia mama mkwe."

Alijitokeza mmoja tu, mwalimu wa hesabu wa sekondari, akaandika: "Nadhani ni mzaha." Wale wanaompenda Tillery wakamjibu kwamba ni mzaha kwake yeye mwenye pesa za kiyoyozi. Wale wanaomchukia Tillery wakamwuliza watu wanaumia, yeye anaona mzaha? Jioni mwalimu aliomba radhi pande zote mbili akaufuta ujumbe wake.

Jambo lililotuchanganya, na mpaka leo linatuchanganya, ni kwamba wenye kumpenda na wenye kumchukia walikuwa wameamini jambo lile lile. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi Harrow nzima kukubaliana.

Jumamosi, mwaloni wa Wendell Nygaard ukaacha kutupa kivuli upande wa akina Hruska.

Ni lazima nieleze mahali. Wendell anaishi upande wa magharibi wa akina Hruska, na nyumba yangu inazitazama zote mbili. Kati yao kuna nyasi tu. Huku kwetu hatuweki ua. Mtu anayekata nyasi zake huvuka mpaka kidogo, upana wa mashine mara moja, akakata na ukanda wa jirani, kisha akageuza bila kusema kitu. Ndiyo salamu yetu. Ukiishia mpakani kabisa, umemtukana mtu. Mwaloni umesimama kwenye nyasi za Wendell, na tangu zamani kila mchana kivuli chake kilitambaa hadi kwa Hruska, na hapo ndipo Delbert alipokaa.

Mti wa akina Hruska wenyewe uliliwa na wadudu ukakatwa. Na Delbert ana moyo mbovu. Alikuwa amepasuliwa kifua wakati wa baridi, akapewa vidonge ambavyo daktari alisema vikikutana na jua vinaweza kumwangusha. Kukaa ndani alikataa. Alifanya kazi kwenye maghala ya nafaka maisha yake yote, akasema ndani ni pa kulala. Upande wa mashariki wa nyumba kuna njia ya gari ya saruji na mapipa ya taka, akasema hakutoa jasho lote lile ili uzeeni akae na mapipa. Kwa hiyo kila siku saa nane alibeba kiti chake cha kukunja, akakaa kwenye kivuli cha Wendell, na Wendell akaleta chake, wakabishana kuhusu siasa mpaka wake zao wawaite, na mke wa Wendell alipofariki, mpaka Arlys awaite wote wawili. Siku ya uchaguzi walikwenda kupiga kura kwa gari moja, wakafutana kura, wakarudi kwa gari moja wakipitia kula pai.

Jumamosi ile kivuli kilitambaa kama kawaida, kikafika mpakani, kikakoma. Hakikufifia. Kilikatika sawasawa kama mkate chini ya kisu. Upande wa Wendell palikuwa na ubaridi na nyasi za kijani kilichokolea. Upande wa Delbert palikuwa peupe.

Delbert alisimama na kiti chake mkononi akatazama. Kisha akakifungua pale pale kilipokaa siku zote, akaketi juani, akaivuta kofia.

"Naona kimerudi kwako," alimwambia Wendell.

"Naona," alisema Wendell.

"Uliombwa ukirudishe?"

"Mimi sijagusa kitu. Si mtu wako wa redio aliyetaka?"

"Basi amepata," alisema Delbert.

Ikawa hivyo mji mzima, panapokuwa na majirani wasiopigia kura mtu mmoja. Kivuli cha benki kiliishia kwenye ukingo wa njia. Kivuli cha mnara wa kanisa kilifika barabarani kikasubiri, na jioni kikarudi. Kivuli cha wingu kilivuka popote bila shida, kwa kuwa wingu halina mwenyewe. Watu walirekebisha mambo yao. Waliopanda nyanya walifurahi. Aliyekuwa akiegesha gari chini ya mti wa mwenzake alinunua kitambaa cha kufunika kioo. Mtu wa manispaa alipita na kamera, akapiga picha, akasema hakuna kanuni iliyovunjwa.

Jumatatu Tillery akalizungumzia. Redio ya Arlys ilikuwa juu ya friji, na yeye alikuwa akikatakata vitunguu.

"Mimi sikusema maneno hayo," ilisema sauti. "Ni uzushi wa magazeti. Lakini hebu tujiulize, marafiki zangu. Kwa nini wanaliogopa sana swali hili la vivuli?"

Akaliuliza wiki nzima. Kufikia Ijumaa kipindi kilikuwa kinadhaminiwa na watu wa miavuli.

Maren alikuja nyumbani kutoka mji mkubwa anakoishi siku ile ya Ijumaa, akamkuta baba yake mezani anakula nyama ya kusaga na viazi, shingo imemwiva nyekundu. Arlys alinisimulia mazungumzo yao mara nyingi, na kila mara aliyasimulia vile vile, kama mtu anayehesabu vijiko akitafuta kilichopotea.

"Baba, usikae juani. Ile makala niliandika mimi."

"Najua ni wewe. Picha yako ipo pale juu. Umeandika vizuri."

"Baba, nilikuwa namcheka."

"Nani?"

"Tillery."

"Kwa kusema nini?"

"Kwa kusema yale ya vivuli."

"Kwa hiyo aliyasema."

"Hakuyasema! Nilitunga mimi."

Delbert aliweka uma chini. "Sasa wewe mtoto, unamchekaje mtu kwa jambo ambalo hakulisema?"

"Kwa sababu ni aina ya mambo ambayo angeyasema."

"Na sasa anayasema."

"Ndiyo."

"Basi ulisema kweli," alisema Delbert, akaurudia uma wake. "Ulikuwa umewahi tu kidogo."

Maren akasema kwamba hata kama ni hivyo, kivuli kipo hatua moja tu pembeni, ahamishe kiti.

"Ule ni upande wa Wendell."

"Umekaa na Wendell tangu sijazaliwa."

"Nilikaa kwangu, kivuli chake kikanifuata. Ndivyo tulivyoishi. Sijawahi kukifuata mimi. Kama kimeamua kukaa kwao, mimi nani nikakibembeleze?"

Maren aliandika tena gazetini. Safari hii hakuweka utani hata chembe. Alieleza kwamba makala ya kwanza ilikuwa tashtiti, kwamba Tillery hakusema vile, kwamba alitaka kuonyesha jinsi wachambuzi wa aina ile wanavyotutengenezea adui kwa kitu chochote kile, na kwamba anawaomba watu waendelee kukaa pamoja kama zamani.

Nilisoma maoni nikiwa nakunja nguo, na nikasahau kukunja.

"Wamemlazimisha aandike hivi. Angalia picha yake, macho yamebadilika."

"Alivyokuwa jasiri mara ya kwanza! Amehongwa."

"Hii ndiyo nimecheka. Eti 'waendelee kukaa pamoja'! Maren hana mfano."

"Sielewi. Sasa kivuli changu nikiache au nisikiache?"

Mhariri alimpigia simu Maren kumpongeza. Gazeti lilikuwa halijawahi kusomwa hivyo. Aliomba nyingine kabla ya Jumatano.

Wakati huo huo mambo ya nyasi yakaharibika. Delbert, au tuseme mtoto wa dada yake anayemkatia siku hizi, alikata hadi mpakani akaishia hapo. Wendell alitoka kibarazani akatazama. Kesho yake naye alikata zake, akaacha ukanda mzima upande wake bila kukata, ili mtu asije akasema kuwa amevamia. Ukanda ule ukarefuka, ukaota maua ya manjano, na panzi wakahamia humo. Wazee wawili walikaa mmoja huku mmoja kule, katikati kuna nyasi za magotini, mmoja jua limempiga, mwingine yuko kwenye ubaridi peke yake. Hawakukosa hata siku moja. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aanze.

Arlys alikwenda kwa Wendell na sahani ya biskuti za shayiri.

"Wendell, mwite. Nakuomba. Moyo wake huo unaujua."

"Mlango wangu uliwahi kufungwa, Arlys?"

"Anataka aitwe."

"Sawa, mwambie aje. Ila kwanza aseme yule mtu wa redio ni mwongo. Aseme tu mara moja, nisikie. Mimi ni mzee, sina furaha nyingi zilizobaki."

Arlys akarudi, akavuka zile nyasi ndefu, akasema.

"Mwongo kwa lipi?" alisema Delbert. "Amesema mwenyewe kuwa hakuyasema. Nikimwita mwongo, maana yake aliyasema."

"Delbert, sema tu chochote."

"Mwambie Wendell aseme kwanza kwamba kivuli si chake. Aseme ni cha mti."

Arlys akavuka tena. Wendell akacheka kidogo puani, akasema kwamba mti una hati, na hati ina jina lake. Arlys akarudi akamwambia mumewe kuwa Wendell hana neno, kisha akaingia ndani akalia mbele ya friji, na Tillery juu yake akiuliza swali lake.

Alinunua mwavuli mkubwa wa bustani. Upepo wa huku haujui mwavuli. Siku ya kwanza uliung'oa na kijiti chake, ukaupeleka mpaka kwenye maharage ya watu upande wa reli, na mwenye shamba akaurudisha akiwa mpole lakini akauliza alipigia nani kura. Ndipo Arlys akaanza kusimama yeye mwenyewe.

Alisimama nyuma ya kiti cha mumewe, upande wa jua, ameshika kitambaa cha meza kwa mikono miwili kama mtu anayeanika. Jua likisogea, naye alisogea. Kivuli chake kilimfunika Delbert kichwa na mabega, kwa maana mke na mume wako upande mmoja wa mpaka. Kama walikuwa wanapigia kura mtu mmoja, hilo sijui. Kivuli hakikuuliza. Tulizoea kumwona. Watu waliopita na mbwa wao walimpungia mkono, naye kwa kuwa mikono imejaa aliitikia kwa kichwa.

"Keti, mwanamke," Delbert alikuwa akimwambia. "Watu watadhani unanipepea."

"Wadhani."

"Miguu yako."

"Nyamaza unywe maji."

Maren alimwona mama yake vile, akaja kumpokea kitambaa. Kivuli cha Maren hakikumfunika baba yake. Kiliangukia nyasi kando ya kiti, kikakaa hapo chembamba, kama kinasubiri kuulizwa. Maren alijaribu kusimama huku na huku. Mwishowe alimrudishia mama yake kitambaa. Delbert alimtazama tu binti yake akasema, "Si kosa lako. Wewe ni wa mji mkubwa sasa."

Mwezi wa nane, siku ya joto kubwa kuliko zote, palikuwa na mazishi kanisani. Hapa kwetu mwanamke akiwekwa kwenye zamu ya chakula cha mazishi, hakosi, hata kama nyumba yake inaungua. Arlys zamu yake ilikuwa mikate ya nyama ya nguruwe na ile saladi ya viazi ya kopo kubwa. Kabla ya kwenda alimfungia Delbert ndani kwa maneno. Alimwambia akae kwenye kiyoyozi, akamwekea runinga. Kisha akasimama mpakani akamwambia Wendell, aliyekuwa tayari kwenye kiti chake, "Akitoka, mtupie jicho."

"Nitamtupia," alisema Wendell.

Delbert alitoka saa nane.

Wendell alimtupia jicho. Hilo nawahakikishia, kwa sababu na mimi niliona kutoka dirishani kwangu, nikasema moyoni, Wendell yupo. Alimwona Delbert akifungua kiti karibu na mpaka kuliko siku zote, miguu yake imegusa zile nyasi ndefu. Aliona kofia ikishuka. Baada ya muda akaita.

"Delbert! Nikuletee maji ya limau?"

Delbert hakujibu.

"Umeninunia leo hata kwa maji?"

Delbert hakujibu. Wendell alijiuliza kama ni usingizi, au ni kununa, au ni ujanja wa kumfanya yeye ndiye avuke kwanza. Alisimama. Alifika kwenye ukingo wa kivuli chake. Alituambia baadaye kwamba alisimama hapo akiwa amechanganyikiwa kabisa, hajui ni lipi kati ya hayo matatu, na kwamba akilini mwake, bila yeye kutaka, yalikuwa yanapita maneno ya kwenye gazeti: kwa adabu mara ya kwanza. Akaita tena, kwa adabu. Kisha akarudi kuketi, apate kufikiri.

Arlys alirudi na mfuko wa mikate iliyobaki. Alimkuta mumewe amelalia upande mmoja wa kiti, mkono umeanguka juu ya zile nyasi, umevuka. Mwili wote ulikuwa wa moto kwa jua. Vidole vilivyofika upande wa Wendell vilikuwa vya baridi.

Sasa naomba msomaji ashike vizuri hapa, maana ndipo mimi nilipoogopa zaidi. Maren aliandika tanzia ya baba yake. Hakuna mwingine wa kuiandika, yeye ndiye mwandishi wa familia. Aliandika kwamba Delbert Hruska, mfanyakazi wa maghala kwa maisha yake yote, amefariki kwa joto akiwa amekaa hatua moja kutoka kwenye kivuli cha rafiki yake. Ameacha mke na binti. Chakula kitatolewa kanisani. Aliandika ukweli mtupu, na jina lake likawa chini.

Hapo ndipo Harrow ilipocheka.

"Hii ndiyo tashtiti sasa! Eti hatua moja!"

"Nimechekea kazini mpaka bosi kaja. Maren amerudi!"

"Amewapata vizuri sana hawa watu wa Tillery, hawajui hata kuhama kiti."

"Amewapata vizuri sana hawa wanaomchukia Tillery, hawajui hata kumpa mtu maji."

"Nimependa ile ya chakula kitatolewa kanisani. Huwa anajua kumalizia."

Siku ya mazishi walikuja watu wachache. Wengi walikuwa wamekwishaisoma tanzia, wakaichukulia mzaha. Mwalimu wa hesabu alikuja, akamshika Arlys mkono muda mrefu, akamwuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Arlys akamwonyesha jeneza. Mwalimu akalitazama, akasema asante, lakini niliona hakuwa na hakika. Wendell alikaa benchi la mbele pamoja na familia, kwani Arlys alimvuta kwa mkono. Alikuwa akijifuta uso na kitambaa tangu mwanzo hadi mwisho. Walipotoka nje, kivuli chake kilibaki mlangoni, naye akaenda makaburini bila kivuli. Watu walimpisha.

Mpaka leo mwaloni unakatika pale pale. Wapima ardhi wa kaunti wanakuja na vigingi vyao, lakini mchana wakiona kivuli wanaacha vigingi garini, wanasema kivuli ni sahihi zaidi. Bei za nyumba zimeandikwa upya, zenye kivuli na zisizo nacho. Tillery ameshahamia hatari nyingine, nadhani ni chumvi. Maren ameacha gazeti, na mhariri bado anampigia simu. Watu wengine wanasema hakuacha, ni mzaha, subirini mtaona. Arlys huketi ndani. Nikimpelekea chakula ananiuliza swali moja tu, kama Delbert alikuwa ameamua kuvuka au mkono ulianguka wenyewe, na mimi sijui, nami hujibu kwamba sijui.

Binti yangu mkubwa ameanza kuandika vichekesho kwenye simu yake. Wenzake wanampenda. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya wa kwenu, haya ndiyo ya kuepuka:

Usipeleke habari kwa mtu kabla hujaisoma mpaka herufi ndogo.

Usiache redio iongee kwenye chumba kisicho na mtu.

Usimtungie mtu maneno mabaya ukadhani hatayapenda.

Usiandike "ni kweli kabisa" ukiwa na hasira, wala "aibu" ukiwa na furaha.

Usikae juani kati ya saa nane na saa kumi na moja, hasa kama unakunywa vidonge vya moyo.

Usimtume mkeo kubeba maneno ambayo unaweza kuyasema kwa sauti ukiwa umeketi.

Ukimwita jirani asikuitikie, usidhani amenuna. Nenda ukamguse.